Historia ya Shule Yetu: Kufundisha Kutokana na Shule Ndogo za Misheni Uzigua

Mwalimu mwanafunzi anayepelekwa mazoezini katika shule za Handeni au Korogwe aghalabu hufika na andalio la somo lililojaa majina ya mbali. Wanafunzi wa Darasa la Tano huyakariri majina hayo, huyaandika katika mtihani, na juma la pili huwa wameyasahau. Wakati huohuo wameketi ndani ya jengo ambalo lina historia yake: kuta zilizojengwa na mtu fulani, mwembe uliopandwa kwa sababu fulani, jina la shule ambalo pengine ni la mtakatifu au la padri ambaye hakuna mtoto hata mmoja awezaye kueleza alikuwa nani. Makala haya yanahusu namna ya kulitumia jengo hilo kuwa kitabu cha somo.

Tumechagua shule za parokia kwa sababu mbili. Kwanza, katika sehemu nyingi za nchi yetu shule kongwe kuliko zote kijijini ilianzishwa na misheni, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri kuliko za shule nyingine. Pili, historia ya shule hizo ni ngumu kuisimulia mbele ya darasa lenye Waislamu na Wakristo, kama yalivyo madarasa mengi ya Uzigua. Mwalimu asiyejiandaa ataisimulia kama sifa za kanisa, au ataiacha kabisa kwa kuogopa. Njia zote mbili humnyima mtoto kitu ambacho ni haki yake.

Mwalimu ajifunze nini kabla ya kuingia darasani

Tuseme umepangiwa shule katika kata ya Mkata, pale barabara ya kwenda Handeni mjini inapoachana na barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera. (Usiichanganye na Mkata ya Morogoro, ramani nyingi zimewapoteza wageni kwa jina hilo.) Kabla hujawatuma watoto kuuliza lolote, hapana budi wewe mwenyewe uwe na picha ya jumla, ili jibu la mzee likija uweze kulipangia mahali pake.

Picha hiyo huanzia pwani. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakafungua misheni Bagamoyo. Kazi yao ya kwanza haikuwa kuhubiri vijijini. Walinunua watoto waliokuwa wakiuzwa utumwani, au walipokea wale walionaswa majahazini, wakawaweka katika kijiji cha misheni na kuwafundisha. Sehemu kubwa ya siku ya mwanafunzi wa Bagamoyo ilipita shambani na karakanani. Kusoma na kuandika kulichukua saa chache tu. Vijana hao walipokua waliozeshwa, na baadhi ya familia hizo zilipelekwa bara ziwe msingi wa vituo vipya. Ndivyo kilivyoanza kituo cha Mhonda, katika milima ya Unguu, mwaka 1877. Mwaka 1881 ukafuata Mandera, karibu na mto Wami, kusini mwa Mkata, katika nchi wanamokutana Wazigua, Wakwere na Wadoe.

Mandera ndiyo mfano tutakaoutumia, kwa kuwa ndiyo misheni ya Kikatoliki kongwe iliyo jirani na Mkata, na kwa kuwa tunayo maandishi kutoka siku zake za mwanzo. Padri Cado Picarda, mmoja wa waanzilishi wake, aliandika maelezo marefu juu ya watu na nchi iliyozunguka Mandera. Yalichapishwa Ufaransa mwaka 1886 katika jarida la Les Missions Catholiques. Mwalimu asiyejua Kifaransa hatayasoma, lakini inatosha ajue yaliandikwa kwa ajili ya nani. Wasomaji wa jarida hilo walikuwa Wakatoliki wa Ulaya waliotoa fedha za kuendeshea misheni. Mtu anayemwandikia mfadhili huchagua maneno yake. Hapo tayari una somo zima la historia: si kwamba padri alisema uongo, bali kwamba kila mwandishi ana msomaji wake, na msomaji huyo hubadili kinachoandikwa.

Baada ya hapo yapo mambo ambayo hayana budi kutajwa hata yakiwa machungu. Kuanzia mwaka 1891 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi Afrika Mashariki. Mwaka 1894 nzige wakala mazao ya Uzigua, na njaa kali ikafuata. Katika njaa za namna hiyo jamaa nyingi ziliwaweka watoto rehani kwa wenye chakula, na misheni zilipokea watoto waliokuwa hawana pengine pa kula. Kwa hiyo mwalimu asiseme kirahisi kwamba wazee wetu walivutwa na mwanga wa elimu. Wengine walivutwa. Wengine walisukumwa na njaa, na wengine walikombolewa sokoni wakiwa wadogo mno kuchagua lolote.

Upande wa pili, serikali ya Kijerumani ilifungua shule yake Tanga mwaka 1892. Shule hiyo haikufundisha dini, na ilitazamia kupata makarani na maakida wanaojua kusoma Kiswahili. Kwa Waislamu wa pwani tofauti hiyo ilikuwa kubwa: mtoto aliweza kujifunza kuandika bila ya kubadilishwa dini. Lakini shule za serikali zilikuwa chache, na bara shule iliyokuwa karibu mara nyingi ilikuwa ya misheni. Mzazi Mwislamu wa Uzigua alikuwa na shauri zito. Ampeleke mwanawe asome na pengine arudi na jina jipya, au amweke kwa mwalimu wa chuo asome Kurani, na abaki nje ya kazi zote zilizohitaji cheti? Wengi walichagua njia ya pili. Tusiwaite wajinga kwa uchaguzi huo.

Shule ya padri ikawa shule ya serikali

Sehemu hii yafaa ielezwe darasani taratibu, kwa sababu ndiyo inayofafanua kwa nini shule yenye jina la mtakatifu ina bendera ya taifa na mwalimu mkuu Mwislamu.

Katika miaka ya 1920 vijiji vingi vya misheni vilikuwa na kibanda cha udongo ambamo katekista alifundisha sala, na pamoja na sala, herufi. Waingereza waliviita vibanda hivyo shule za msituni. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo Dakta James Aggrey alikuwa miongoni mwa wajumbe wake, ilitembelea Afrika Mashariki kukagua elimu ya Waafrika. Baadaye, kwa sheria ya elimu ya mwaka 1927, serikali ya Tanganyika ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokuwa na walimu wenye vyeti na zilizokubali kukaguliwa. Kanisa Katoliki lilichukua nafasi hiyo kwa nguvu. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Askofu Arthur Hinsley, aliwahimiza maaskofu waliokutana Dar es Salaam watangulize shule, hata ikibidi ujenzi wa makanisa ungoje.

Matokeo yake yalikuwa aina mbili za shule chini ya padri mmoja. Ile iliyopata ruzuku ilikuwa na madawati, mihtasari na mkaguzi. Ile isiyopata ilibaki na katekista wake, aliyelipwa kidogo, wakati mwingine kwa mazao. Padri alikuwa meneja wa zote mbili: ndiye aliyeajiri mwalimu, na ndiye aliyeweza kumfukuza, hata kwa sababu za ndoa yake. Wazee waliofundisha siku hizo bado wanayakumbuka mambo haya, na watayasema wakiulizwa kwa heshima.

Kwa upande wa Tanga, Mapadri wa Rosmini walianza kazi mwaka 1945. Eneo likawa Prefektura mwaka 1950 na Jimbo mwaka 1958, chini ya Askofu Eugène Arthurs. Tarehe hizi zitakusaidia: mzee akisema padri wake alikuwa Mwingereza au Mwairishi, kuna uwezekano mkubwa anazungumzia miaka iliyofuata 1945.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, shule nyingi za msingi nchini zilikuwa mikononi mwa mashirika ya dini, na mengi ya hayo yalikuwa ya Kikristo. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, ilikuwa vigumu kuendelea hivyo katika nchi iliyokuwa imetangaza usawa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule hizo chini ya serikali, na utekelezaji ukaanza mwaka 1970. Jengo la kanisa lilibaki la parokia. Darasa lililokuwa hatua ishirini kutoka mlangoni mwake likawa la wananchi wote. Kuna mapadri walioona wamenyang'anywa, na kuna wazazi walioona kwamba sasa mlango umefunguliwa. Hisia zote mbili zilikuwa za kweli, na mwalimu mwema huzitaja zote.

Maandalizi ya watoto

Somo hili halifai kipindi kimoja. Tumia vinne, vikiwa na siku mbili au tatu katikati ili watoto wapate muda wa kuuliza nyumbani. Zungumza kwanza na mwalimu mkuu, kisha na mwenyekiti wa kijiji, na kama parokia ipo, na paroko, na vilevile na shehe au imamu wa msikiti. Wanachuo wengi husahau huyo wa mwisho. Akisahauliwa, juma la pili utasikia kwamba shuleni watoto wanafundishwa Ukristo, na hapo somo limekwisha.

Katika kipindi cha kwanza toka nje na darasa. Waache watoto wazunguke jengo wawili wawili, wakiwa na daftari na penseli, waandike kila kitu ambacho wanadhani ni cha zamani na sababu ya kudhani hivyo. Hapa uvumilivu unahitajika. Mtoto mmoja ataandika bati lenye kutu kwa kuwa limechakaa. Mwingine ataandika jiwe la msingi lenye mwaka juu yake. Wakirudi, uliza: kipi kati ya hivi viwili kinatuambia mwaka kwa uhakika zaidi? Mwaka ulioandikwa katika jiwe ni wa jengo gani: lile la kwanza, au lile lililojengwa baada ya la kwanza kuanguka? Swali hili dogo huwafundisha zaidi ya ukurasa mzima wa kunakili ubaoni.

Kipindi cha pili ni cha maandishi. Mwombe mwalimu mkuu kitabu cha matukio ya shule na madaftari ya zamani ya usajili. Usiwape watoto madaftari yenyewe. Karatasi hizo zimechoka, na ndani yake mna mambo ya watu walio hai: nani alifukuzwa, nani alipata mimba, nani hakulipa ada. Chagua wewe, nakili idadi tu. Hesabu wavulana na wasichana katika miaka kadhaa, uandike tarakimu ubaoni, na watoto wachore grafu ya mistari. Kama madaftari ni kamili, huenda grafu ikapanda ghafla karibu na mwaka 1977. Hapo waeleze juu ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote, ambapo kila mtoto wa umri wa kwenda shule alitakiwa aandikishwe. Waeleze pia juu ya vijana waliomaliza Darasa la Saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, na juu ya madarasa yaliyosoma kwa zamu, moja asubuhi na jingine alasiri. Mstari wa wasichana nao utakuwa na hadithi yake. Waache watoto waisome wenyewe kabla hujasema neno.

Kipindi cha tatu ndicho kitamu kuliko vyote, nacho kinahitaji nafasi hapa.

Kuwauliza wazee

Waagize watoto wamtafute mzee mmoja aliyesoma katika shule ile na mzee mmoja ambaye hakusoma kabisa. Sharti hili la pili lisilegezwe. Historia ya shule haikutengenezwa na waliosoma peke yao. Yule aliyebaki nyumbani akichunga mbuzi ana sababu yake, na sababu hiyo ni sehemu ya historia. Pengine alikuwa msichana. Pengine baba yake alikataa asipigiwe kengele ya kanisa. Pengine ada ilishindikana, au shule ilikuwa mwendo wa saa tatu na njiani palikuwa na simba.

Wafundishe adabu ya kuuliza. Mtoto aamkie kwanza, shikamoo babu au shikamoo bibi, akae chini, aeleze ametumwa na mwalimu, ndipo aulize. Maswali yawe machache na yaliyo wazi. "Ulipokuwa mdogo, shule ilikuwa wapi?" ni swali zuri. "Je, ni kweli wamisionari walileta maendeleo?" ni swali baya, kwa sababu jibu limo ndani yake na mzee atalitoa kwa ukarimu tu. Uliza juu ya vitu: mliandikia nini, mlikula nini mchana, mwalimu alikaa wapi, mlifanya kazi gani shambani, siku ya kwanza mlivaa nini. Mambo makubwa hujitokeza yenyewe nyuma ya vitu hivi vidogo.

Wazee wengi hawataji miaka. Watasema, "Nilianza mwaka ule tuliohamishwa." Hapo mwalimu asaidie: Operesheni Vijiji ilipita katika sehemu nyingi za nchi kati ya mwaka 1973 na 1976. Mwingine atasema alikuwa Darasa la Sita vijana walipokwenda vita vya Idi Amin. Vita hivyo vilianza mwishoni mwa mwaka 1978 na kumalizika mwaka 1979. Tengeneza ubaoni mstari wa wakati wenye matukio ya namna hii, kisha watoto wawapange wazee wao juu yake. Watafurahi kuona bibi wa mmoja ameangukia karibu na babu wa mwenzake.

Majibu yatagongana. Mzee mmoja atasema shule ilijengwa na padri, mwingine atasema ilijengwa na wazazi kwa mikono yao, miti na udongo, na padri alitoa bati tu. Mwalimu asikimbilie kuamua. Waulize watoto kila mzee alikuwa wapi siku ile, na anapata faida gani kusema asemavyo. Kisha warudishe kwa Padri Picarda na wasomaji wake wa Ulaya: wao nao walisoma kwamba misheni ilijenga. Nani alibeba udongo, jarida la namna hiyo halikuwa na haja ya kulisema.

Tahadhari moja ni ya lazima. Katika nchi iliyo karibu na Mandera na Bagamoyo zimo jamaa zilizotokana na watu waliokombolewa utumwani. Usimwulize mtoto kamwe mbele ya wenzake kama babu yake alikuwa mtumwa, wala usiruhusu mtoto mwingine aulize. Kama mzee mwenyewe atalitaja, lipokee kwa heshima, na uulize faraghani kama anapenda liandikwe. Kadhalika ugomvi wa mpaka baina ya kiwanja cha shule na cha parokia, kama upo, waachie kamati ya shule. Mzee anaweza kuona somo lako ni nafasi ya kupata mashahidi wadogo.

Kuandika na kuhifadhi

Kipindi cha nne ni cha kuandika. Gawa darasa katika makundi, kila kundi liandike ukurasa mmoja juu ya wakati mmoja: kabla ya shule, wakati wa padri, baada ya mwaka 1970, na sasa. Kundi la mwisho litakutana na jambo linalowachanganya hata watu wazima. Tangu miaka ya 1990, na hasa baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1995, mashirika ya dini yamefungua tena shule zao, nyingi zikiwa za kulipia. Kwa hiyo huenda wakakuta shule mbili: ile ya zamani yenye jina la parokia ambayo ni ya serikali, na ile mpya yenye basi la rangi ambayo ni ya parokia. Wacha walieleze hilo kwa maneno yao. Usiwapangie hukumu.

Kila ukurasa uwe na majina ya walioulizwa, ikiwa wamekubali, na tarehe ya mazungumzo. Pale wazee walipotofautiana, watoto waandike kauli zote mbili. Kiswahili kisahihishwe, lakini maneno ya Kizigua ambayo mzee ameyatumia yabaki, na maana yake iandikwe pembeni.

Njia hii ya kukifanya kijiji kuwa kitabu si ngeni katika wilaya hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule ya jumuiya ya Kwamsisi, katika ushirikiano wake na Chuo cha Korogwe, ilijaribu kuyafanya mazingira ya kijiji yawe kiini cha masomo, na majaribio hayo yalitazamwa na vyuo vingine nchini. Mengi ya yaliyojaribiwa pale yalihitaji fedha na wakufunzi. Sehemu inayotuhusu hapa haihitaji zaidi ya daftari, penseli, na mwalimu aliye tayari kusikia jibu asilolitarajia.

Kurasa zikikamilika, zishonwe pamoja kwa uzi, ziwekewe jalada la karatasi ngumu, na zikabidhiwe kwa mwalimu mkuu zihifadhiwe pamoja na kitabu cha matukio. Nakala ya pili isomwe na watoto siku ya mkutano wa wazazi, wazee walioulizwa wakiwa wamealikwa na kukalishwa mbele. Wape nafasi ya kusahihisha palepale. Watasahihisha, na pengine wataanza kubishana wao kwa wao. Mwanafunzi mmoja awe tayari na daftari jipya kuandika wanayosema.